Hakimu Hakupanda Jukwaani

Mbuzi kumi na wanane walimjua Shangazi kwa kikohozi. Asubuhi akitoka jikoni na ndoo, akisafisha koo kidogo tu, banda zima lilisimama. Alikaa kwenye kigoda chake, akaita mmoja mmoja kwa jina, na aliyeitwa alikuja mwenyewe akamgeuzia kiwele kama mtu anayetaka kutuliwa mzigo.

Jina la Shangazi alipewa na watoto wa kaka yake, likaenea mpaka kaka mwenyewe na daktari wa mifugo wakawa hawamwiti vingine. Ndoa yake ilivunjika mapema. Aliporudi kwao alikuta mbuzi wawili waliokonda, wamefungwa nyuma ya choo, akaanza nao. Miaka kumi na tisa ilipita. Mke wa kaka alipofariki, yeye ndiye aliyewalea watoto kwa maziwa ya mbuzi hao, mpaka wakakua wakaenda zao. Wakabaki yeye na kaka, na kundi. Kundi hilo lilikuwa lake, na hakuna aliyewahi kusema vinginevyo.

Kisha kaka akaoa tena.

Wifi mpya alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye hatua za haraka. Alikuwa amefanya kazi miaka minane kwenye shamba kubwa la mbuzi wa maziwa, na hakuwa na maringo, jambo lililomuudhi Shangazi zaidi, maana mwenye maringo angalau unapata pa kumshika. Wiki ya pili tu alisimama mlangoni mwa banda, akaangalia mkono wa kulia wa Shangazi unavyofanya kazi.

"Wifi, huo mkono unakuuma," alisema.

"Hauniumi."

"Unakamua kwa vidole vitatu."

Shangazi aliendelea kukamua. Ni kweli vidole viwili vilikuwa vimekufa ganzi tangu mwaka uliopita, lakini hakumwambia mtu. Kuona siri yake inasomwa na mgeni kama bango la barabarani kulimchoma.

Usiku haujaingia, mume na mke walikuwa wameshakubaliana: watajenga chumba cha kukamulia. Kaka alimweleza Shangazi akiwa bado amesimama, kama mtu mwenye haraka. Sakafu ya zege yenye mteremko ili maji yasituame. Jukwaa la kufika kiunoni, mbuzi sita kwa mpigo, kila mmoja na kibanio cha shingo na kihori chake cha pumba. Mkamuaji asimame wima chini, asiiname tena. Na mashine ya kuvuta maziwa, yenye vikombe viwili kwa kila mbuzi.

"Ni kwa ajili yako, dada," kaka alisema. "Upumzike."

Kupumzika. Neno hilo Shangazi alilala nalo kama kokoto chini ya shuka.

Kazi ilianza. Siku ya kupima, kaka na mkewe walichuchumaa juu ya utepe wa kupimia, vichwa vimekaribiana, wakibishana kuhusu inchi mbili na kucheka. Shangazi alipewa kushika ncha ya pili ya utepe. Alisimama pale kama kigingi. Hakukumbuka ni lini kaka yake alicheka hivyo naye. Fundi wa kuchomelea alipofika na vyuma vyake, alimuuliza Wifi kila kitu: upana wa kibanio, urefu wa ngazi, kona ikae wapi. Shangazi alimletea chai mara mbili, na mara zote mbili fundi alisema asante bila kuinua miwani yake.

"Ngazi iwe na vipande vya mbao," Shangazi alisema mara ya pili. "Kwato zitateleza."

"Tumeshaviweka, Shangazi," fundi alijibu. "Mama hapa alishaniambia."

Alirudi jikoni, akaosha vikombe vilivyokuwa vimeoshwa.

Chumba kilipokamilika, hata yeye aliona kuwa ni kizuri, na roho ilimuuma zaidi. Kuta nyeupe, dirisha kubwa, bomba la maji ya moto, mipira ya mashine imening'inizwa kwenye ndoano ikauke. Wifi aliwafundisha mbuzi taratibu. Siku mbili aliwapandisha bila kuwakamua, wale pumba tu, washuke. Siku ya tatu aliwasha mashine wakiwa juu, wazoee mlio. Siku ya nne akawakamua. Walipanda bila kusukumwa, sita wakishuka sita wakapanda, na kazi iliyomchukua Shangazi asubuhi nzima ikaisha chai ikiwa bado ya moto.

Wa kwanza kupanda alikuwa Hakimu, mbuzi mkubwa wa kahawia, aliyepewa jina hilo kwa namna alivyomkodolea mtu macho kabla ya kuamua kama anamtaka. Hakimu alizaliwa mikononi mwa Shangazi, miguu ya nyuma ikitangulia, siku ya mvua. Hakuwahi kukubali mkono mwingine. Sasa alisimama jukwaani, shingo kwenye kibanio, akitafuna pumba za Wifi, na hakugeuka hata Shangazi alipokohoa.

"Mke wangu ana mikono ya baraka," kaka alisema.

Shangazi alitabasamu. Tabasamu lenyewe lilimuuma mashavuni.

Hila ilimjia kesho yake mchana, wakati Wifi amejinyoosha chumbani akingoja saa ya kukamua jioni. Shangazi alijua kitu kimoja ambacho mtu yeyote aliyefuga mbuzi anakijua: mbuzi hapandi jukwaani kwa kumpenda mtu, anapanda kwa sababu ya pumba. Basi alifungua pipa la akiba stoo, akachota ndoo mbili za pumba zilizochanganywa na mashudu ya alizeti, akawamwagia bandani. Wakala mpaka wakaacha.

Jioni ile mbuzi walisimama chini ya ngazi wakacheua tu. Wifi aliita, akatikisa bakuli, akawavuta. Wanne walipanda kwa shida, mmoja akajisaidia juu ya zege jipya, wengine wakakaa chini.

"Wameingiwa na nini?" kaka aliuliza.

"Mbuzi ni watu," Shangazi alisema. "Wanachoka na mambo mapya."

Akachukua kigoda chake, akawakamua waliobaki kwa mkono, kwa vidole vyake vitatu. Siku hiyo maumivu hayakumsumbua hata kidogo.

Alifanya hivyo siku sita. Kila jioni Wifi alisimama chini ya jukwaa na mikono mitupu, na kila jioni Shangazi alipita mbele yake na ndoo. Kaka alianza kukuna kichwa. Jioni ya tano alisema labda wangengoja kidogo kabla ya kuagiza kipozeo cha maziwa. Shangazi alikula vizuri, akaongeza.

Lakini Hakimu alikuwa kipenzi, na kipenzi hupewa zaidi. Kila mchana Shangazi alimwekea bakuli lake pembeni, lililojaa pomoni, ili asigombanie na wenzake. Siku ya saba alipokwenda bandani alimkuta amelala upande, tumbo limevimba kushoto kama ngoma, anasaga meno. Macho yale yaliyozoea kumhukumu kila mtu yalikuwa hayaangalii kitu.

Shangazi aliita. Hakukohoa, aliita kwa sauti iliyomtoa Wifi chumbani bila viatu.

Daktari wa mifugo alifika baada ya saa nzima. Wakati huo Wifi alikuwa amemwinua Hakimu, ameegemeza miguu ya mbele juu ya kigoda cha Shangazi, anamsugua tumbo kwa ngumi. Daktari alimpitisha mpira mdomoni, akamnywesha dawa, akamchoma sindano, kisha akanusa mdomo wake.

"Huyu ameshindiliwa pumba," alisema. "Na si za siku moja. Nani anawalisha?"

Kaka alimtazama mkewe. Palikuwa na kimya kifupi, lakini kilitosha Shangazi kuona njia iliyo wazi mbele yake. Angeweza kunyamaza tu. Kazi yote ingefanywa na kimya.

Wifi aliendelea kusugua.

"Ni mimi," Shangazi alisema. "Siku zote sita. Nilitaka wasipande."

Kaka aliingia ndani, na kwa wiki nzima alimsemesha dada yake kupitia watu wengine: mwambieni Shangazi chai imeiva, mwambieni Shangazi daktari amekuja. Nyumba yenyewe ilikuwa na watu watatu.

Jioni ya siku ile ya daktari, Wifi na Shangazi walikaa bandani wakimlinda Hakimu asilale upande. Shangazi alitangulia kusema.

"Ulikuwa unajua."

"Tangu siku ya tatu. Mbuzi asiyetaka pumba, halafu ana pumba puani."

"Mbona hukusema?"

Wifi alikamua kitambaa cha maji. "Ningesema, ningekuwa mke aliyekuja kumfukuza dada wa watu kwao." Alimpangusa Hakimu mdomo. "Tena na mimi roho iliniuma, wifi. Nikiingia humu wanainua vichwa, wakiona ni mimi wanarudi kutafuna. Wewe ukikohoa huko jikoni, wote wima. Miaka minane nimefanya kazi hii, hakuna mbuzi aliyewahi kunisimamia hivyo."

Aibu ilikuwa imemjaa Shangazi. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichofurahi kusikia hayo, na hakukifukuza.

Hakimu alipona. Maziwa yake yalishuka mpaka kikombe kimoja kwa siku, na msimu ule hayakupanda tena. Chumba cha kukamulia kiliendelea. Wifi alishika mashine. Shangazi alimtangulia chini ya jukwaa, akakamua matone ya kwanza ya kila mbuzi kwa mkono, ndani ya kikombe cheusi, kutafuta mabonge yanayoonyesha kiwele kinaumwa. Kazi hiyo haikuhitaji nguvu, ilihitaji vidole vinavyojua. Vitatu vilitosha.

Wivu haukuisha. Wafugaji wa jirani walipokuja kuona, kaka aliwazungusha, akawaonyesha mteremko, vibanio, bomba. "Kazi ya mke wangu yote hii," alisema, na Wifi akainamisha kichwa, akaipokea sifa yote bila kumgawia mtu hata punje. Shangazi alisikia moyo ukiungua pale pale palipozoea kuungua. Aliendelea kuchungulia kikombe chake.

Mwanamke mmoja kati ya wageni alimsogelea. "Mimi nina jukwaa kama hili," alisema kwa sauti ya chini. "Wangu hawapandi mpaka niwavute masikio. Hawa wako wanakuja wakiitwa majina. Unafanyaje?"

Shangazi alifikiri. "Njoo kesho asubuhi, kabla hatujaanza," alisema. "Na usijipake marashi. Mbuzi humjua mtu kwa harufu yake."

Upande wa pili wa jukwaa, mkono wa Wifi ulisita kidogo juu ya swichi ya pampu. Kisha ukabonyeza, na mlio wa mashine ukajaa chumbani.