Ng'ombe wa Ghorofani

Mimi nikikosa usingizi huwa mtu mbaya, na sioni haya kulisema. Kazi yangu ni mahamri. Unga naukanda jioni kwa tui na iliki, naulaza uumuke, na saa tisa u nusu za usiku niko jikoni nachoma, maana ikifika saa kumi na mbili watu wa stendi ya Garsen wanataka vitu vya moto, na hawana subira na mama aliyepitiwa na usingizi. Kwa hiyo usingizi wangu ni wa saa tatu hadi saa tisa. Anayeingilia hapo katikati ananipokonya tonge mdomoni.

Aliyeingilia alikuwa Mzee Dadacha, wa juu yangu.

Ploti yetu ni ya ghorofa moja. Mimi nakaa chini. Juu alikuwa anakaa Kaltuma na mumewe Boru, ambaye kazi yake iko Hola na hurudi Ijumaa, pamoja na huyo Dadacha, babake Boru. Mzee alikuwa mfugaji wa Kiorma, mtu wa ng'ombe mia na kitu upande wa Bangale. Ukame ukaja ukawachukua mmoja mmoja hadi wakaisha, akabaki yeye na fimbo yake. Akawa anakaa hukohuko kwa mdogo wake Dukicha, lakini akili nayo ikaanza kumtoka. Usiku mmoja akaondoka kwenda kutafuta mifugo. Walimpata siku ya pili kando ya lambo lililokauka, ulimi umevimba, hajitambui. Ndipo Boru akamleta Garsen, kwenye nyumba yenye mlango wa chuma.

"Hapa nikifunga hatoki," Kaltuma aliniambia siku za kwanza. "Kule Bangale nyumba ya Dukicha haina hata mlango ya maana. Akirudi kule, mama Ngala, atakufa."

Basi kila usiku saa saba mzee huyo aliamka kupeleka ng'ombe majini. Alipiga mbinja. Aliita majina. Fimbo ikagonga sakafu juu ya kitanda changu, to, to, to, huku akiwahesabu. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyeitwa Dimtu, mkaidi huyo! Kila usiku Dimtu alipotea, na kila usiku alitafutwa chumba hadi chumba mpaka saa nane na nusu. Nilimchukia Dimtu kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote, na binadamu wa kuchukia ninao.

Nilipanda ngazi nikabisha, mara ya kwanza kwa ukali. Kaltuma alifungua mlango na mtoto mgongoni, macho mekundu, na nyuma yake nikamwona mzee ameinua mikono anazuia kundi lisipite. Ukali wote ukaniishia palepale. Kaltuma akatandika mikeka na magodoro mawili sakafuni. Mimi nikajitia pamba masikioni. Fimbo haikujali magodoro, nayo mbinja inapenya pamba kama sindano.

Dzombo, anayetusimamia ile ploti, aliniita kando. "Dada Kanze, wewe sema neno moja tu. Mwenye nyumba ashasema, wa chini akilalamika, wale wa juu wanahama."

"Sijalalamika," nikamwambia.

"Uso wako unalalamika."

Uso ulikuwa wangu na mdomo pia ulikuwa wangu, lakini mdomo niliufunga. Nikisema, mzee anarudi kwa Dukicha, na kwa Dukicha ni lile lambo. Nikinyamaza, silali. Nani angenilaumu? Hata hivyo nilinyamaza wiki tatu, na ninataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Wiki ya tatu nilitia chumvi badala ya sukari. Unga kilo sita. Sikugundua mpaka wateja walipoanza kurudisha, mmoja wao akiniuliza kwa sauti kama nimeanza kuuza dawa ya minyoo, na stendi nzima ikacheka. Nilirudi nyumbani na beseni limejaa. Sikuwa na hasira na wateja. Nilikuwa nimechoka mpaka nikalia, mtu mzima mimi, nimekaa juu ya gunia la makaa.

Usiku ule, saa saba kamili, Dimtu akapotea.

Inafaa nieleze jambo hapa. Mimi nimezaliwa shambani karibu na Tarasaa. Sisi Wagiriama wa huku tukilima mahindi hatulali yakianza kukomaa. Viboko wanapanda kutoka mtoni, na ng'ombe wa wafugaji wanaingia gizani. Dawa yake ni debe. Baba alinifundisha nikiwa na miaka saba: unalipiga haraka, bila kupumzika, ukipiga na ukelele, mpaka mashamba ya jirani nayo yaitike. Katika miaka ile mibaya ya vita vya wakulima na wafugaji, debe moja likilia usiku lilitosha kuamsha vijiji viwili, wa huku na mapanga na wa kule na mikuki. Hayo nayajua vizuri. Usiku ule sikuyafikiria. Mkono ndio uliofikiria.

Nilishika debe tupu la mafuta na mti wa kusukumia chapati, nikatoka uani, nikasimama chini ya dirisha lao, nikapiga. Nilipiga kama ninavyopiga nikiwa shambani kwetu. Nikapiga na ukelele: "Tokaaa! Tokaaa!"

Juu kukawa kimya. Fimbo, mbinja, kuhesabu, vyote vilikatika. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikajiambia, kumbe mzee anasikia vizuri, alikuwa anakosa wa kumwambia. Nikalala usingizi wa mtoto mchanga hadi kengele ya simu iliponiamsha.

Saa tisa u nusu nilipowasha taa ya nje nilimkuta mzee kwenye ngazi. Amefunga nguo zake kwa shuka, fimbo magotini, mgongo umenyooka. Kaltuma alikuwa amekaa nyuma yake, amemkamata kanzu.

"Amesikia debe, akasema wakulima wanakuja," aliniambia. "Alificha watoto chini ya kitanda. Alinipiga na nguvu, akachukua funguo. Nimemshika hapa kwa kanzu mpaka sasa. Anasema tumefukuzwa, hatuwezi lala kwa malisho ya mtu."

"Nilikuwa nawanyamazisha tu, Kaltuma."

"Najua," akasema. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mzee alikataa kupanda. Tulimbembeleza, tukamletea chai, Dzombo akajaribu kumbeba akapata fimbo ya bega. Mchana wote alikaa pale, na usiku uliofuata pia, kimya kabisa. Wapangaji wengine wakalalamika kwamba ngazi ni za kupita. Dzombo akapigiwa simu na mwenye nyumba, akaja kutueleza bila kututazama machoni: mpaka Ijumaa mzee awe amepanda ndani, au wote wawe wametoka.

Asubuhi ya Ijumaa nilivaa leso safi, nikaenda kupiga magoti mbele yake. Nikasema, "Baba, nisamehe. Mwenye debe ni mimi."

Kiswahili chake kilikuwa cha polepole. "Wewe ndiyo mwenye shamba?"

Nikaona mlango umefunguka. Mwenye shamba akimwambia akae, si atakaa? "Ndiyo, baba. Shamba ni langu. Nimekuruhusu, rudi juu ukalale."

"Ng'ombe yangu imekula mahindi yako."

"Haikula mengi."

"Imekula. Mimi si mtu wa kula mahindi ya watu." Akanyoosha fimbo kuelekea uani. Kulikuwa na pikipiki ya Dzombo, kamba za nguo na mapipa mawili ya maji. "Angalia vizuri. Chagua mtamba mmoja."

"Sitaki kitu, baba. Nimesamehe bure."

Uso wake ukafungwa kama dirisha. Kaltuma akaniinamia sikioni. "Usikatae, mama Ngala. Kwetu mtu akikataa fidia, ana vita bado kwa roho. Chagua tu, haraka."

Basi nikachagua. Niliinuka nikatazama uani nikitafuta ng'ombe, na nakuambia kweli, niliogopa kukosea. Nikaonyesha karibu na mapipa. "Yule mweupe."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. "Unajua ng'ombe, mama. Huyo ana mimba ya kwanza. Usimlaze peke yake, hajazoea." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu na ya moto. "Sasa hakuna neno kati yetu."

"Hakuna, baba. Twende juu."

"Juu wapi?" Akasimama, akachukua mzigo wake. "Mtu akishalipa anaondoka kwa heshima. Nilikuwa nangoja wewe tu."

Nilimtazama Kaltuma. Alikuwa amefumba macho. Hata yeye hakuwa ameliona hilo likija, naye ndiye Mworma.

Boru alifika kutoka Hola saa nane. Alijaribu kumrudisha ndani kwa upole, kisha kwa nguvu, na mzee akalia kwa sauti mbele ya watu, akisema mwanawe anataka kumfanya mwizi uzeeni. Boru akamwachia. Garsen yote, alisema mzee, ni mashamba ya watu. Jioni ile waliingia gari la kukodi, wote, pamoja na magodoro, kuelekea Bangale kwa Dukicha. Mzee alikataa kupanda mpaka amewahesabu ng'ombe wote wakitoka getini. Hakuna aliyemharakisha.

Siku ya kumi na moja Kaltuma alinipigia simu.

"Mama Ngala, mzee ametoka tangu juzi usiku. Boru na vijana wanafuata nyayo. Alikuwa anasema ile mtamba alikulipa Garsen imekaribia kuzaa, lazima aende aone." Kisha akasema, "Akifika kwako, mshike."

Nikamwambia nitamshika. Mimi najua umbali wa Bangale, na yeye anaujua zaidi yangu. Jua la mwezi huu halihitaji kuelezwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja, tukaulizana habari za watoto, tukaagana.

Leo ni siku ya nne tangu anipigie. Juu hajaingia mpangaji mwingine, kimya ni kile nilichokuwa nakitaka. Nalala saa tatu, na saa saba naamka mwenyewe, nakaa kitandani nikisikiliza. Nimemwomba Dzombo asilifunge geti usiku.