Nyumba Isiyo na Mtu

Tangazo la kaunti lilibandikwa kwenye mlango wa mbele, na ndiyo sababu Bi Ozella Tarpley alikaa siku kumi na moja bila kujua kwamba nyumba yake haina mtu.

Aliyelileta ni jirani yake, Earline, akipitia jikoni kama apitavyo kila mwenye adabu.

"Da Ozella, wewe umekufa?"

"Bado. Nani anauliza?"

"Kaunti. Wanasema nyumba hii gofu, haikaliwi. Jumatatu wanabomoa, ila mwenyewe akijitokeza mahakamani Alhamisi."

Ozella alipunguza moto chini ya sufuria ya mboga, akalisoma tangazo mara mbili. Karani wa sensa alibisha mlango wa mbele siku tatu mbalimbali, hakuitikiwa, akaandika kwamba hamna mtu. Hakusema uongo. Katika mtaa wa Pine Hill mlango wa mbele hufunguliwa kwa ajili ya jeneza tu. Mlango wa Ozella ulikuwa umefunguliwa mara mbili: alipotoka babu yake, fundi aliyeijenga nyumba hiyo kwa matofali yaliyosalia baada ya kuijenga mahakama, na alipotoka mumewe, Lucius. Mahakama ilipewa kibao cha shaba cha jengo la kihistoria, chenye jina la msanifu kutoka Atlanta. Nyumba ilipewa tangazo.

"Utalia kidogo mbele yao," Earline alishauri. "Wazungu wale hawawezi kumwona mama mzima akilia."

"Nitabisha hodi."

Jumanne alivaa kofia yake ya kanisani, akapanda ngazi za mahakama katikati ya zile nguzo nne, akagonga mlango mkubwa wa mwaloni mara tatu. Earline aliandika saa. Jumatano wakarudia. Alhamisi pia, kisha wakazunguka ubavuni, waingiapo watu wote tangu mlango ule ufungwe, miaka kumi na tisa iliyopita, na kamati ya majengo ya kale ikakataza usiguswe.

Mwenyekiti wa baraza la kaunti, ambalo hukutana humo mahakamani, alikuwa Hoyt Lassiter, ambaye Ozella alimpakulia chakula shuleni kwa miaka sita.

"Bi Ozella," alisema kwa upole, "si ungefungua tu mlango, mama?"

"Nimekuja kutoa taarifa ya gofu, Hoyt. Lina nguzo nne na saa isiyokwenda. Nimebisha mbele siku tatu, hakuna aliyeitika. Earline ameziandika saa zote hapo. Naomba libomolewe Jumatatu, pamoja na langu."

"Jamani! Kila mtu anajua tunapita ubavuni."

"Kila mtu nani? Mgeni atajuaje?"

"Si atazunguka!"

Sauti kutoka viti vya nyuma ikasema, "Bomoa, Hoyt!" Vicheko vikamfanya mwenyekiti apige nyundo.

Wajumbe walinong'onezana. Hatimaye Hoyt alisema nyumba itaondolewa katika orodha kwa sharti moja dogo: Jumatatu aufungue mlango wa mbele, mkaguzi athibitishe kwamba unatumika.

Earline alimvuta mkono. "Kubali, dada. Dakika moja tu."

Ozella hakuketi. "Mlango ule alitokea babu, akatokea Lucius. Wa tatu ni mimi. Mkaguzi akitaka kuuona ukifunguliwa, asubiri zamu yangu. Akiwa na haraka, apitie jikoni, na afute miguu."

"Na nikisema sharti ni sharti?"

"Basi anza na lako. Fungua ule wa huku, sote tuone."

Hoyt alitazama kuelekea mlango wa mwaloni. Ilibainika kwamba hakuna ajuaye ufunguo ulipo. Wajumbe wanne walipiga kura ya kulifuta sharti; wa tano alikataa, akaomba kutokubali kwake kuandikwe.

Jumatatu mkaguzi alikuja, akazunguka nyuma, akafuta miguu.

"Mnaishi wangapi hapa, mama?"

"Mmoja. Andika kwa wino."

Kibao cha kuingilia mjini bado kinasema watu 2,114. Ozella hukipita kila Jumapili akienda kanisani, na kila mara huongeza mmoja kwa sauti.