Nguzo Iliyo Nyuma ya Magauni

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kulisema. Kazini na nyumbani naitwa Shtuko, jina nililopewa na dada yangu siku nilipopiga mayowe hadi mtaa mzima ukatoka nje, kumbe nyoka niliyemwona chini ya meza ni kipande cha mpira wa maji. Tangu hapo nikisema jambo, watu hucheka kwanza, kusikiliza baadaye. Siku ninayoisimulia walicheka tu.

Dada ndiye mwenye karakana ya ushonaji, chumba kimoja kikubwa cha chini katika jengo la ghorofa mbili. Tulikuwa sita: Dada, mimi, Mrefu anayekata vitambaa, Shangazi yetu anayetia vifungo na shanga kwa mkono, na mafundi wawili tuliowaita Pacha. Mmoja mnene, mwingine mwembamba kama sindano, lakini hawajawahi kwenda kunywa chai mmoja bila mwenzake.

Kamera ilikuwa kazi yangu. Ndogo, ya rangi ya fedha, inaenea mfuko wa blauzi, imechubuka pembeni kwa sababu Dada aliipata ikiwa tayari imeshatumika na watu wawili watatu. Kila gauni likimalizika nililitundika kwenye msumari wa nguzo, nikasimama pale pale kwenye kigae kilichovunjika, nikalipiga picha, ili mteja ajaye achague mtindo. Simu Dada hazitaki kwa kazi hiyo.

"Simu ina umbea," husema. "Gauni halijatoka mlangoni, mtaa wa pili wameshalishona. Kamera inakaa na siri."

Kamera yenyewe inatumia betri mbili ndogo kama za rimoti, na hapo ndipo mkono wa birika wa dada yangu ulipojitokeza. Aliamini betri zikilala ndani ya kamera zinajinyonya zenyewe. Kwa hiyo kila nikimaliza kupiga nilitakiwa kuzitoa na kuzirudisha kwenye kopo la vifungo, kwenye rafu iliyo kando ya ile nguzo. Na kila zikitolewa, kamera husahau kila kitu. Nikiiwasha inaniuliza leo tarehe ngapi, nami, kwa uvivu, nabonyeza sawa, naendelea. Ndiyo maana picha zangu zote, mia tatu na ushee, zimepigwa tarehe mosi Januari ya mwaka mmoja wa zamani sana, wakati hata cherehani sikuijua.

Basi siku hiyo, saa tatu asubuhi, alikuja mama mmoja kutaka gauni kama la binamu yake, mwalimu. Nikarudi nyuma kwenye kamera, picha baada ya picha, kulitafuta. Nikalipata. Na pembeni ya bega la gauni, kwenye nguzo, nikaona unywele.

Nikafuta kioo kwa kidole. Haukufutika.

Nikasogeza mbele. Gauni la zambarau: unywele umekuwa uzi. Sare za shule: uzi umekuwa mstari, umepita nyuma ya kola na kutokea chini. Gauni la kitenge la mke wa daktari: mstari umegawanyika matawi mawili. Nikarudi nyuma kabisa, picha za kwanza kwanza, na nguzo ilikuwa safi, nyeupe, haina hata doa. Yule mama ananiuliza, "Vipi, umelipata?" nami bado nasogeza picha.

Baada ya gauni la mke wa daktari nguzo haikuonekana tena. Palikuwa na kitambaa cheupe. Nilikitundika mimi mwenyewe wiki tatu zilizopita, kwa sababu wateja walilalamika kwamba ukuta wetu una michirizi na unaharibu picha. Niliuona ule ufa, nikauona ni uchafu, nikaufunika ili picha zipendeze. Mwoga kama mimi, niogopaye mpaka mpira wa maji, jambo la kuogopwa kweli nikalivalisha shela.

Mama alipoondoka nilikwenda kukifunua. Sikutaka. Nilikishika pindo kwa vidole viwili, nikafumba jicho moja.

Ufa ulianza karibu na dari ukashuka hadi usawa wa goti, na ncha ya mkasi wangu iliingia bila kusukumwa. Sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu, kama inavyotetemeka kutwa tangu wachapishaji wa vitabu wa ghorofa ya kwanza walipoingiza mashine yao mpya. Juu yao, ghorofa ya pili, mwenye jengo amejaza marobota ya karatasi. Tulishaizoea ile mitetemo. Pacha mnene hata alikuwa akisema inamsaidia kukanyaga cherehani.

"Dada," nikaita. "Njoo uone."

Alikuja, pini mdomoni. Akatazama, akatoa pini. "Umeanza."

"Sijaanza. Tazama picha. Mwanzoni haupo, halafu mdogo, halafu huu."

"Shtuko, mdogo wangu, nina magauni kumi na mawili ya wasimamizi wa bibi harusi, yanatoka Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Nikuombe kitu kimoja tu: leo usiogope. Ogopa Jumapili, nitakuogopea na mimi."

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, kwa woga.

Msimamizi wa jengo alikuwa akipita koridoni na funguo zake, nikamkimbilia. Kwanza alipapasa nguzo kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akachukua kamera. Akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tano. Akatabasamu.

"Binti, hizi zote ni za siku moja. Tarehe hii hapa chini. Januari mosi, Januari mosi, Januari mosi. Sasa ufa umekua saa ngapi?"

"Tarehe si ya kweli! Betri zinatolewa!"

"Basi na ufa si wa kweli," akasema, na Pacha wakaangua kicheko. "Huo ni lipu tu. Jumatatu namleta fundi apige plasta."

Nilijaribu kumweleza kwa lugha yetu. Hili la mwalimu tulilishona kabla shule hazijafungwa. Sare tulizishona shule zilipofunguliwa. La mke wa daktari alilivaa wiki ile mashine ya juu ilipoletwa. Kwetu nguo ndiyo kalenda, kila mtu mle ndani angeweza kukuambia gauni lipi lilitangulia lipi. Shangazi peke yake ndiye aliyeacha sindano na kunitazama. Lakini msimamizi alishaondoka, na Dada alishatia pini mdomoni tena.

Nikapiga moyo konde, nikafanya kitu. Nilikata kipande cha uzi wa jinzi, ule mnene wa rangi ya chungwa, nikaubandika kwa gundi tunayobandikia maua ya magauni upande huu wa ufa na upande ule, ukakaza. Huo uzi haukatiki kwa mkono. Dada mwenyewe hukata kwa meno nyuzi zote isipokuwa huo. Nikabandika na kipande cha tepu ya kupimia chini, kwenye ncha ya ufa, nikapiga picha, nikarudisha kitambaa.

Saa sita nikapiga nyingine. Kwenye picha ya asubuhi ufa uliishia kwenye mstari wa nne wa tepu. Sasa ulikuwa umekaribia wa saba. Nilizilinganisha mara tatu. Uzi ulikuwa umekazika kama wa gitaa.

Baada ya hapo sikuweza kushona. Nilisikia kila kitu. Mrefu alikuwa akipangusa hariri nyeupe na kunung'unika, "Hili vumbi linatoka wapi leo?" Akapangusa, likarudi. Chaki yake ikabingirika mezani, taratibu, ikaanguka chini. Akaiokota, akaiweka, ikabingirika tena upande ule ule. Pacha mwembamba alikwenda chooni akarudi akisema mlango umegoma kufunga. Kila mmoja alikuwa na kijambo chake kidogo, na hakuna aliyekijumlisha na cha mwenzake. Mimi nilivijumlisha.

"Dada, nakuomba. Tutoke, hata nusu saa."

"Ukinitajia ukuta tena nakupeleka nyumbani." Hakuinua hata kichwa.

Nilitamani kutoka peke yangu, nisiwafiche. Mlango ulikuwa hatua nane. Nilifika kizingitini, nikageuka, nikamwona Shangazi anavuta uzi na miwani yake imeshuka puani, nikashindwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa yako mambo Dada hakatai.

"Dada," nikasema kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, "na ile picha ya kibao? Jua leo liko vizuri. Mafundi wote, kwa pamoja, ng'ambo ya barabara."

Miaka miwili alikuwa akiitaka picha ya kuweka kwenye kibao cha karakana. Akatazama nje. Akashika kilemba chake. "Dakika tano," akasema. "Tano tu."

Sijawahi kuona cherehani zikizimwa haraka namna ile. Pacha waligombea kioo, Mrefu akachomeka shati, Shangazi akadai asimame mbele kwa kuwa amezaliwa kwanza. Niliwavusha barabara kama vifaranga. Dada alitoka mwisho, amepaka rangi ya mdomo. Nikawapanga mbele ya ukuta wa duka la viatu. Sita tumetoka, nikahesabu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikavuta pumzi hadi chini.

Nikainua kamera. Kioo kikaonyesha alama nyekundu, kikafifia, kikazima.

"Betri," nikasema.

"Hukunisikiliza, sivyo? Umezilaza ndani," Dada akanijibu. "Nina nyingine kwenye kopo." Na alishavuka barabara.

Nilitaka kumwita, sikumwita. Nasema ukweli: nilisimama pale nikahesabu mpaka nne, nikimwona anaingia mlangoni, na niliogopea roho yangu kuliko yake. Halafu Shangazi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ule ufa ulikuwa wa kweli?" Nikakimbia.

Ndani palikuwa kimya isipokuwa mashine ya juu, tum, tum, tum. Dada alikuwa amesimama mbele ya nguzo. Kopo lilikuwa karibu na pale, na ili alifikie alikuwa amesogeza kitambaa. Mkono mmoja umefumbata betri. Mkono wa pili umeshika ncha ya uzi wa rangi ya chungwa. Ulikuwa vipande viwili.

"Nani ameukata?" akauliza.

"Hakuna aliyeukata, Dada."

Aliuvuta kati ya vidole, kama anavyopima uzi dukani. Nilimwona usoni akielewa. Kitu kikalia ndani ya nguzo, kikavu, kama kifungo kinachopasuka chini ya pasi, na unga mweupe ukamwagika kwenye kilemba chake.

Nilimshika sketi nikamburuta mpaka koridoni. Pale akanikwamia.

"Kuna watu juu!"

Akapiga kelele, lakini ile mashine ilimeza sauti yake. Nilidhani atapanda ngazi, na nilijua sitaweza kumfuata. Hakupanda. Alifungua kisanduku cha umeme kilicho chini ya ngazi, akavuta swichi kubwa, na jengo zima likanyamaza.

Wachapishaji walishuka wanne wakitukana. Nyuma yao akashuka msimamizi na funguo zake. "Nani amegusa swichi? Nani huyo?" Dada alirudi kinyumenyume kuelekea barabarani akiwatukana na yeye, matusi ambayo sikujua kama anayajua, na wao wakamfuata kwa hasira mpaka nje, mpaka katikati ya lami, huku mimi nimemng'ang'ania sketi na kulia. Msimamizi alikuwa akininyooshea kidole, anataka kusema jambo.

Pembe ya jengo iliketi. Sina neno jingine. Ukuta wetu uliinama ndani, sakafu ya juu ikaufuata, kisha marobota ya karatasi, kisha kila kitu kikawa vumbi. Tulijikuta tumelala chini mbele ya duka la viatu, tumekumbatiana na watu tusiowajua.

Vumbi lilipotulia kidogo, msimamizi aliwahesabu watu kwa kidole. Akahesabu tena. Wote. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, akafunika uso.

Dada alinifuata nilipokaa. Uso wote mweupe, rangi ya mdomo imevuka mpaka kidevuni. Alichukua kamera mfukoni mwangu, akafumbua mkono wake. Betri zilikuwa bado humo, zimemwachia alama mbili nyekundu kiganjani. Akazitia mwenyewe, akakosea, akazigeuza. Kamera ikawaka, ikauliza leo tarehe ngapi.

Nilinyoosha kidole kubonyeza sawa, kwa mazoea. Akanishika mkono.

"Hapana, Shtuko," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. "Andika ya leo."