Gari la Bibi Harusi Lagoma Kuwaka

Starta ilizunguka, ikazunguka, ikanyamaza. Kwenye kiti cha nyuma, chini ya shela nyekundu iliyomfunika mpaka magotini, Tuda alihesabu kimoyomoyo: mara ya tano. Injini haikukohoa hata kidogo.

"Litawaka," alisema Mimun aliyekuwa kwenye usukani. "Ni baridi tu."

Mimun alikuwa mjomba wa bwana harusi, mchuuzi wa matufaha, mtu aliyezoea gari jipya la petroli. Teksi hii kuukuu ya dizeli ilikuwa ya baba yake Tuda, na baba mwenyewe hakuwepo. Siku binti anapotolewa nyumbani, baba yake haonekani. Watu wasije wakamwona analia. Tangu alfajiri alikuwa amepanda kwenye mazizi ya juu, ambako simu haishiki. Na hata angekuwepo, usukani wa gari la bibi harusi hushikwa na watu wa upande wa mume.

Tuda hakutulia. Vidole vya miguu vilikuwa vikijikunja na kujikunjua ndani ya viatu vipya. Theluji ilianza asubuhi, na ikiendelea hivi, saa nane askari wa barabara watashusha kizuizi kule kwenye kipito cha mlima. Kikishushwa, huenda kikakaa wiki nzima. Ng'ambo ya kipito alikuwa Bassu, bwana harusi wake, na Jumatatu Bassu anapanda meli kurudi Uhispania kuchuma machungwa. Ruhusa nyingine ni mwakani. Tuda alikuwa amekwisha kumngoja miaka miwili. Wa tatu hakuutaka.

Mara ya sita. Safari hii starta ilizunguka kwa uvivu kidogo. Betri ilikuwa inachoka.

"Tuliachie literemke kinyumenyume," mtu mmoja alisema nje. Gari lilikuwa limeelekea mlimani, na nyuma yake kulikuwa na mteremko mrefu. "Mimun atie gia ya nyuma, litashtuka lenyewe."

"Nani ateremshwe kinyumenyume?" Sauti hiyo ilikuwa ya Fadma, shangazi yake Bassu, aliyeketi ubavuni mwa Tuda. "Bibi harusi harudishwi nyuma, hata hatua moja. Mnataka arudi kwao kabla hajafika kwetu?"

"Basi ashuke kwanza, shangazi."

"Akishakaa hashuki. Mguu wake utakanyaga chini kwa mumewe."

"Kwa hiyo tumbebe na gari lake begani?"

"Wewe ulivyokula kondoo jana, unaweza."

Watu walicheka. Tuda hakucheka. Alijua kwamba hata wakiliteremsha mpaka mtoni halitawaka. Miaka minane, tangu alipoacha shule akiwa darasa la nne, ndiye aliyemshikia baba yake taa na spana. Baba alikuwa na neno moja kila gari linapogoma: tazama moshi kwanza. Ukitoka moshi mweupe, mafuta yanafika ila hayashiki moto. Kagua plagi za kupasha joto. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki, na hapo starta unaichosha bure.

Lakini bibi harusi hasemi. Tangu anapofunikwa mpaka anapofunuliwa, mdomo wake ni wa kumezea mate tu. Na Tuda, hata siku za kawaida, alikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa.

Mara ya saba.

"Shangazi," alinong'ona, "moshi unatoka?"

Fadma alishtuka kana kwamba mto wa kiti ndio uliosema. "Nyamaza, mwanangu. Watakusikia."

"Tazama nyuma tu. Unatoka?"

Fadma akafuta kioo kwa kiganja, akachungulia. "Hautoki."

"Waambie mafuta hayafiki. Mjomba asiwashe tena, atamaliza betri. Wafungue boneti wafuate mpira wa mafuta, ule mweusi unaoingia kwenye chujio."

Fadma akashusha kioo. "Mimun, acha kuwasha. Mafuta hayafiki. Fungua boneti."

"Tangu lini ukawa fundi, Fadma?"

"Tangu nilipokuona wewe ukijaribu. Fuata mpira mweusi unaoingia kwenye chujio."

Boneti ikafunguliwa. Kukawa na minong'ono, na Tuda akasogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Kuna kitu kimefungwa hapa," Mimun alisema. "Uzi wa sufu na kifurushi. Umekaza mpaka mpira umebonyea kama koo la kuku."

"Ni changu hicho," alijibu Izza, mama yake mdogo Tuda. "Chumvi na shabu, ya kumkinga na macho ya watu. Zamani tulifunga shingoni mwa nyumbu. Gari halina shingo, nikafunga hapo."

"Sasa umelinyonga, dada. Lete kisu."

"Usikiguse. Kinga ya bibi harusi haikatwi na mtu mwingine. Anayeikata anabeba mabaya yote yaliyokuwa yamjie."

Mkono wa Mimun ulirudi mfukoni. Jirani aliyetoa wazo la mteremko ghafla akawa na theluji ya kupangusa begani. Hakuna aliyetaka kubeba mabaya ya mtu siku ya Ijumaa, na barabara yenyewe imejaa theluji.

"Basi tumwite mzee wake kutoka mazizini," mmoja alisema.

"Kupanda na kurudi ni mwendo wa saa tatu."

"Tungoje, tufanyeje?"

Saa tatu. Tuda alipiga hesabu mara moja tu: kizuizi kitakuwa kimekwisha kushushwa. Kisha akaupapasa mlango chini ya shela, akavuta kitasa.

"Mwanangu, unafanya nini?" Fadma akamshika mkono.

"Ni kinga yangu, shangazi. Mimi naruhusiwa kuikata."

"Na mguu?"

Tuda akausukuma mlango. Akashuka. Theluji ililia chini ya kiatu kipya, na wanawake waliokuwa wakimwimbia mlangoni wakaacha kuimba. Aliinua shela mpaka kwenye nyusi, akainama kwenye injini. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza; alilikata kwa meno. Mpira ukavimba polepole, ukarudi umbo lake. Akalegeza kidude cha pampu ya mkono, akaanza kusukuma. Mwanzo pampu ilikuwa nyepesi, upepo mtupu. Alisukuma arobaini, hamsini, dizeli ikimchuruzika juu ya hina, mpaka pampu ikawa nzito. Akaikaza.

"Mjomba," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "washa taa ya plagi. Ikizimika, hesabu kumi. Halafu ndiyo uwashe."

Mimun akatii bila mzaha. Starta ilivuta kwa shida, ikakwama, ikavuta tena. Moshi mweupe ukaruka nyuma, injini ikagonga kama sufuria lenye mawe, ikashika.

Tuda aliingia ndani haraka, akajifunika. Hakuna aliyepiga vigelegele. Waliondoka hivyo hivyo.

Theluji ilizidi, Mimun akaendesha pua ikikaribia kugusa kioo. Walipofika kipitoni, askari alikuwa amekwisha kushika kamba ya kizuizi, tayari kukivuta chini.

"Zima gari, nione karatasi," alisema.

Mimun akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime, mjomba," Tuda alisema kutoka chini ya shela.

Askari akainama, akatazama kitu chekundu kwenye kiti cha nyuma, akaachia kamba. "Piteni upesi. Nyinyi ndio wa mwisho."

Barabara ilianza kuteremka kuelekea kwa akina Bassu. Fadma akachukua mikono ya Tuda, akajaribu kuipangusa kwa ncha ya mtandio wake. Dizeli haikutoka.

"Mama mkwe wako ataibusu mikono hii mlangoni," alisema. "Nitamwambia nini?"

"Mwambie mimi nilishuka."

"Na ulisema?"

"Na nilisema."

Fadma akaguna, akaendelea kupangusa, safari hii taratibu zaidi.