Dresa Aonje Kwanza

Watu wa Samuye wana adabu iliyotaka kuniua. Kwao, anayekukaribisha pombe hutangulia kunywa mwenyewe, ujue haina sumu. Mwaka 1934, mimi Hatibu, dresa, yaani mhudumu wa tiba wa serikali, nilipowapelekea kwinini ya watoto kwa baiskeli, wakaamua dawa nayo ni kinywaji.

"Onja kwanza, Bwana Dresa," waliniambia kila nyumba.

Nyumba tano, vijiko vitano. Kwinini ni chungu kama shubiri, na ukiizidisha, masikio huvuma. Nilifika kwa Nyamizi nikisikia mzinga mzima wa nyuki kichwani.

Binti yake Limi, wa miaka miwili, alikuwa akiungua. Nikambonyeza chini ya mbavu za kushoto: bandama limevimba. Malaria. Niliogopa kweli, maana juma lile tulikuwa tumezika watoto wawili.

"Anywe sasa hivi."

Bibi yake, Mageni, akamkumbatia mtoto. "Onja."

Nikaonja, na uso ukajikunja wenyewe.

"Mmeona?" akapiga kelele. "Mwenyewe imemshinda! Mjukuu wangu hanywi sumu."

"Ni uchungu tu, bibi!"

"Basi onja tena, ucheke."

Nikaonja tena. Nikacheka, machozi yakanitiririka mpaka kidevuni. Mageni akatikisa kichwa. Chupani vilibaki vijiko viwili, na zahanati ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa baiskeli. Ningekuwa na ubavu, ningemnywesha huyo bibi chupa na kizibo chake.

Nyamizi akaninyang'anya kijiko. Akajimiminia, akanywa mbele ya mama mkwe wake, akalamba midomo polepole.

"Mnagombania nini? Tamu hii."

Limi, kuona mama anakula utamu peke yake, akafumbua kinywa. Kijiko cha mwisho kikaingia, kikashuka. Mtoto akamtazama mama yake kama mtu aliyetapeliwa mnadani. Nyamizi akatoka taratibu, akaenda kutapika nyuma ya zizi.

Nilirudi kila siku na chupa mpya, na kila siku mama alionja akitabasamu. Siku ya tano Limi aliponiona tu, akatoka mbio, akapita ng'ombe, akapita ghala, akiniita mchawi.

Nyamizi akaketi chini pale pale uani, akalia kwa furaha. Mtoto wake alikuwa anakimbia.