Paka Aliyeitwa Kufuli

Watu wa mtaa ule walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni mpira. Na ugonjwa huo ulikuwa na mila zake: kocha wa timu yao akifukuzwa, lazima apatikane mnyama wa kubeba jina lake. Jogoo aliyewika saa mbaya aliitwa Kesho, kwa heshima ya kocha aliyekuwa akifungwa kila wiki na kusema redioni kwamba kesho mtaona mabadiliko. Mbuzi wa muuza magazeti, aliyekula kila kitu na asinenepe, aliitwa Mradi, kwa kocha aliyemaliza fedha za klabu akisema timu ni mradi. Na nyumbani kwa Mama Tarumbeta kulikuwa na paka dume, mnene, mvivu, aliyeshinda amejinyoosha kizingitini asimfukuze hata mende. Huyo aliitwa Kufuli.

Kufuli mwenyewe, yule mwenye miguu miwili, alikuwa kocha aliyefunga lango la timu na kusahau kwamba na upande wa pili kuna lango. Sare, sare, sare. Lakini lililomfukuzisha ni fainali. Timu inaongoza bao moja, zimebaki dakika chache, Kufuli akamtoa Kisigino, mfungaji kipenzi cha watu, akaingiza beki. Wapinzani wakasawazisha. Ikaja mikwaju ya penalti, na Kisigino, ambaye hajawahi kukosa penalti tangu azaliwe, ameketi benchi amejifunika taulo. Kombe likaenda hivyo! Siku ile Mama Tarumbeta alilia mpaka mumewe akadhani kuna msiba.

Mama Tarumbeta alikuwa fundi cherehani, na jina lake alilipata kwa sababu ya sauti. Akipiga kelele jukwaani, mshika kibendera upande wa pili alikuwa akigeuka. Wimbo wa kumfukuza Kufuli aliutunga yeye, na mpaka leo watoto wanaurukia kamba. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole, na kwake mpira ulikuwa watu wazima kukimbizana bila sababu. Walikuwa na binti mmoja, nesi, mtoto wa pekee, na siku moja kabla ya wazazi wa mchumba wake kuja kujitambulisha, binti huyo alisimama mbele ya cherehani akakunja mikono.

"Mama, kuna jambo sijakwambia kuhusu baba mkwe."

"Amefungwa jela?"

"Afadhali ingekuwa hivyo. Mama, baba yake ni Kufuli."

Cherehani ikasimama. Mama Tarumbeta alimtazama mwanawe, akaitazama sindano, akamtazama tena.

"Kufuli Kufuli?"

"Huyo huyo."

"Yaani wanaume wote waliojaa duniani, mwanangu, hukumwona mwingine?"

"Mimi naolewa na fundi umeme, mama, siolewi na kocha. Nakuomba kitu kimoja tu. Kesho usiseme neno la mpira. Hata moja. Ukilisema, nitajua kati yangu na timu umechagua nani."

Maneno hayo yalimchoma. Alimpenda binti yule kuliko pumzi yake, na alijua, maana hakuwa mjinga, kwamba zilikuwapo Jumapili nyingi ambazo mtoto alibaki nyumbani na homa au na kazi za shule, mama yuko jukwaani. Akaapa. Akasema mdomo wake ataushona kwa uzi wa suruali.

Kesho yake asubuhi nyumba ikageuzwa. Skafu ya timu ikatolewa ukutani, picha za wachezaji zikaingia chini ya godoro, kikombe chenye nembo kikafichwa nyuma ya sufuria. Paka akafungiwa chumba cha cherehani. Fundi saa akapewa kazi moja tu, ya kuhakikisha mlango ule haufunguki. Maskini, angepewa saa ya kutengeneza angeiweza.

Wageni wakafika alasiri. Mchumba aliingia wa kwanza, akaamkia kwa adabu, jasho linamtiririka kama anayebeba magunia. Nyuma yake mama yake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Halafu Kufuli. Mama Tarumbeta alikuwa akimkumbuka mtu mrefu aliyesimama kandokando ya uwanja kama nguzo. Aliyeingia alikuwa mzee amekonda, kofia mkononi, ambaye alisita mlangoni na kumtazama kila mmoja usoni kwanza, kama mtu aliyezoea kupima kama anakaribishwa kweli.

"Karibuni, karibuni wakwe," alisema Mama Tarumbeta, na sauti ikamtoka nyembamba hata mumewe akageuka kuona nani anaongea.

Wakakaa. Chai ikamiminwa. Biskuti na karanga zikawekwa mezani. Wakazungumzia mvua, wakaisifu, wakailaumu. Wakazungumzia maumivu ya magoti. Kila mazungumzo yalipoelekea kwenye michezo, mtu alikohoa. Mama Tarumbeta alijibu "ndiyo" na "kabisa", na moyoni alikuwa akimwuliza yule mzee swali lilelile moja aliloanza kumwuliza siku ya fainali. Lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi fundi saa akaenda kuchukua sukari. Alipita chumba gani? Alipita cha cherehani. Alifunga mlango? Thubutu! Paka akatoka kwa mwendo wa mwenye nyumba, akawakagua wageni, akachagua mapaja ya kocha, akaruka juu yake.

"We Kufuli!" akasema fundi saa, bakuli la sukari mkononi. "Shuka hapo, mvivu mkubwa, usiye na faida!"

Binti akafumba macho. Mchumba akatazama dari kana kwamba anatafuta waya ulioungua. Fundi saa alitambua alichosema, akabaki mdomo wazi, na sukari ikaanza kumwagika taratibu kwenye zulia.

Mzee akamkuna paka nyuma ya sikio.

"Anakamata panya?" akauliza.

"Hakamati," alijibu fundi saa, ambaye hakujua kusema uongo. "Analala mlangoni tu."

"Na panya wanaingia?"

Fundi saa akafikiri. "Kusema kweli, tangu aje huyu hatujaona panya."

"Mm," akasema Kufuli, akaendelea kumkuna.

Mkewe ndiye aliyecheka kwanza. "Jamani, msiogope, haya ya paka ni madogo. Kuna siku tulikuta bango limefungwa getini kwetu, pana kuliko geti lenyewe: KUFULI, FUNGUA AU ONDOKA. Mimi nikaliteremsha nikafunikia banda la kuku. Mvua, jua, upepo, mpaka leo halijachanika hata uzi mmoja. Sijui nani alilishona."

"Mshono mara mbili," akasema Mama Tarumbeta, "na pembeni nimetia utepe wa turubai. Lichanike kwa sababu gani?"

Kwisha. Ulimi hauna mfupa, na wa fundi aliyesifiwa kazi yake ndio hauna kabisa. Binti akainuka, akaenda jikoni. Mlango ulifungwa taratibu, na upole ule ulimuumiza mama kuliko kama ungebamizwa. Alihisi nyumba nzima inamponyoka mikononi. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa amemwaga ndoo nzima mbele ya wakwe.

"Kumbe ni wewe," alisema mzee.

"Ni mimi, bwana. Na wimbo ni mimi."

"Ule wa 'funguo imepotea'?"

"Ule ule." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nisamehe. Sina la zaidi, maana nimemwahidi mwanangu sitasema neno la mpira, na tayari nimeshasema mengi."

Mzee akamweka paka chini. Akaita, kwa sauti ambayo hakuitumia tangu aingie:

"Mwanangu! Njoo hapa mlangoni."

Binti akatokea, macho mekundu.

"Mruhusu mama yako aseme," alisema mzee. "Miaka yote hii watu wananitukana wakiwa ng'ambo ya barabara. Nikivuka, wananyamaza. Hakuna hata mmoja aliyekaa mbele yangu akaniuliza. Huyu anataka kuniuliza kitu tangu nimeingia, namwona. Mwache aulize, tafadhali."

Binti akamtazama mchumba wake, mchumba akainua mabega. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameushika mdomo kwa mikono miwili kama sufuria inayotaka kufurika.

"Haya, mama," akasema. "Sema."

"Kwa nini ulimtoa Kisigino?"

Ilitoka kwa tarumbeta kamili. Kijiko kiligonga kikombe bila kuguswa.

"Upande wa kulia ulikuwa unavuja!" alijibu mzee, naye akapaza.

"Ukivuja ndiyo umtoe mfungaji? Paa likivuja unatoa mlango?"

"Alikuwa anachechemea!"

"Kisigino akichechemea anakimbia kuliko wako wote wazima!"

Meza ikageuka uwanja. Karanga zikawa mabeki, vikombe vikawa viungo, bakuli la sukari likawa lango. Kisigino alikuwa biskuti. Mama Tarumbeta alimsogeza mbele, mzee akamrudisha pembeni, na kila mmoja akamwambia mwenzake kwamba haoni. Alipoulizwa kama leo angefanya tofauti, mzee alipiga goti lake.

"Ningemtoa tena! Mara mia ningemtoa!"

"Ee Mungu wangu, mnamsikia? Mnamsikia huyu?"

Wakainama wote wawili kumtafuta Kisigino ili waanze upya, wasimwone. Fundi saa alikuwa anatafuna.

"Umemla mfungaji wangu!" akapiga kelele Mama Tarumbeta.

"Nilidhani ametolewa," alisema fundi saa.

Mzee ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibovu kilichokosa mazoezi, na mkewe akamfuata, na mchumba, na mwisho binti aliyekuwa amesimama mlangoni akaketi chini kwa kucheka. Mama Tarumbeta alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuwa amekubali hata kitu kimoja, ieleweke. Lakini mwiba ulikuwa umetoka.

Wakati wa kuagana mama mkwe alimvuta pembeni. Hakucheka safari hii.

"Mkwe mwenzangu, ahsante. Tangu afukuzwe hajapaza sauti ndani ya nyumba. Siku za mechi anakwenda kukaa na kuku, redio imezimwa. Anapenda mpira kuliko chakula, na anaogopa kwenda kuutazama."

Mama Tarumbeta aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda na joto shingoni. Alikuwa amekitunga kile kibwagizo huku anakata suruali, kwa furaha, na hakuwahi kuwaza kwamba kilikuwa kinaingia kwenye nyumba ya mtu na kukaa humo. Akatoka mpaka getini.

"We mzee! Jumapili tuna mechi. Utakaa na mimi."

"Watanizomea, mama."

"Wakuzomee nikiwapo? Hawajazaliwa."

Jumapili binti alikuja pia, na mchumba wake, wakakaa kulia na kushoto kama walinzi. Mzee alikuwa amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, lakini jukwaa lina macho. Muuza magazeti, mwenye mbuzi Mradi, akageuka.

"Mama Tarumbeta, huyo si Kufuli?"

Neno likapita safu kwa safu. Mtu nyuma kabisa akaanza wimbo, wengine wakaudaka: funguo imepotea, ee, funguo imepotea. Mzee aliweka mikono magotini akajiandaa kuinuka. Mama Tarumbeta aliinuka kabla yake, akapanda juu ya benchi.

"Nyamazeni! Wimbo ni wangu, nimeufunga leo! Huyu ni mkwe wangu. Anayetaka kumzomea apange foleni nyuma yangu, na mimi bado sijamaliza naye!"

Jukwaa likaangua kicheko. Wimbo ukafa wenyewe, ukiacha watu wawili watatu ambao nao waliona haya. Muuza magazeti akasogea. "Basi mkwe, kaa huku," akasema, "hapo jua litakuchoma bure." Akampa kipande cha gazeti cha kukalia.

Kipindi cha pili mambo yakaharibika. Wapinzani wakawa wanapita watakavyo, na kocha mpya, kijana mwembamba katika shati jeupe, akamtoa mfungaji akaingiza beki. Jukwaa zima likasimama kuzomea. Mama Tarumbeta naye alisimama, mdomo wazi, tusi tayari kwenye ncha ya ulimi, tusi zuri la kuweza kuishi miaka.

Akamwona mkwewe. Mzee hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anamtazama yule kijana aliyesimama peke yake kandokando ya mstari, na vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa benchi kwa nguvu.

Mama Tarumbeta akalimeza lile tusi. Lilishuka kwa shida. Kisha akavuta pumzi, akaipuliza tarumbeta yake yote mpaka kijana kule chini akageuka kutafuta inakotoka.

"Tulia, mwanangu! Tuko na wewe! Upande wa kulia unavuja!"

"Wa kushoto, mkwe," alisema mzee kando yake, machozi yanamtoka waziwazi. "Leo ni wa kushoto."

"Nilisema bado sijamaliza na wewe," akamjibu, akamshika mkono, akapiga kelele upya.