Shikamoo Iliyomfikia Tisa

Adelfina wa Kanazi alikuwa na mdomo. Sisemi kwa ubaya, hata mwenyewe alikuwa anakiri. Akienda kuchota ndoo moja ya maji anarudi jua limeshapanda, kwa sababu kila aliyekutana naye njiani lazima aulizwe habari za migomba, za mbuzi, za shangazi aliyelazwa, na majibu yakipungua Adelfina anayaongeza mwenyewe. Kwa hiyo ilipojulikana kwamba amepata kazi Lukole, tena kazi ambayo sharti lake la kwanza ni kufunga mdomo, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Akimaliza wiki," walisema, "tunamchinjia jogoo."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja dogo linaloitwa Rudi Porini lilipata eneo Lukole, kwenye ile ardhi ya makambi ya zamani ya wakimbizi ambako siku hizi miti imeota upya. Likajenga mabanda, likakusanya korongo taji waliokuwa wakifugwa kwenye bustani za mahoteli na nyua za wenye pesa. Wale ndege warefu wenye shada la dhahabu kichwani, ambao Kanazi wanawaita musambi. Ndege hao walikuwa wameshakatwa mabawa, hawaruki tena mpaka kufa. Lakini mayai yao yalikuwa mazima. Mpango ulikuwa kuyatotolesha, kulea vifaranga, halafu kuwaachia kwenye kinamasi cha Nyamigogo, kule Biharamulo, ambako kundi la porini lilikuwa limebaki na ndege kumi na wanne tu.

Sasa kifaranga wa korongo ana shida yake. Anachokiona na kukisikia siku ya kwanza, hicho ndicho mama. Akisikia sauti ya mtu atamfuata mtu maisha yake yote, na ndege anayemfuata mtu hamalizi mwezi porini: atakamatwa auzwe, au ataishia chunguni. Ndiyo maana walezi walivaa joho pana la kijivu lililofunika mpaka vidole vya miguu, wavu usoni, na mkono wa kulia umevaa kichwa cha korongo cha bandia chenye mdomo wa kuokotea panzi. Kitambaa cha majoho kilitoka dukani kwa Bi Naima, mama yake Daktari Luqmani. Luqmani ndiye aliyekuwa daktari wa wanyama na mkuu wa kituo, mtoto wa mjini Biharamulo, mpole, ila kwa masharti alikuwa mkali kama pilipili. Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: UKIVAA JOHO HUNA MDOMO.

Na Adelfina, amini usiamini, aliweza! Wiki ikapita, mwezi ukapita, jogoo wa watu akaliwa. Alikuwa anaingia bandani asubuhi, anachuchumaa, anaokota panzi kwa kile kichwa cha bandia, na vifaranga wanane wanamzunguka. Moyo ulikuwa unamjaa mpaka anataka kupiga vigelegele, lakini kimya. Jioni akivua joho ndipo Bulugu, mlinzi wa getini, anapata cha moto, maana maneno yote ya siku yalimwagikia kwake.

Yai la tisa lilikuwa la mwisho. Lilipasuka Jumatano asubuhi, na Adelfina alikuwa hapo hapo, ndani ya joho, amepiga magoti kando ya mashine ya kutotoleshea mayai. Kifaranga akatoa kichwa, akatoa mguu, akalala pale na unyevu wake akimtazama. Na saa hiyo hiyo, ndugu zangu, nani akasimama mlangoni? Mzee Ndayisaba. Baba mkwe wake! Ametoka Kanazi na mkungu wa ndizi begani, na Bulugu amemruhusu apite, kwa sababu ni nani atamzuia mzee wa heshima na mkungu wa ndizi?

"Hapa hakuna watu?" mzee aliuliza.

Adelfina akakauka. Mkwe akae kimya mbele ya baba wa mume wake? Mzee amebeba mzigo, amepanda gari, amefika, halafu asisalimiwe? Kwao hilo halina jina. Alihesabu moja, mbili, tatu. Mzee akakohoa. Basi, mwili wenyewe ukageuka, goti likashuka, na mdomo uliofungwa miezi mitatu ukafunguka wote kwa mpigo.

"Shikamoo, Baba! Pole na safari. Mama mguu umepona? Wa Kanazi hawajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejifunika shuka?"

Akakumbuka. Akageuka. Kifaranga alikuwa amejiburura mpaka kwenye pindo la joho, anainamisha kashingo kake chini, juu, chini. Adelfina akamsukuma mzee nje kwa ishara.

Hakumwambia mtu. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei. Alijua Daktari angemwondoa kazini, na kazi hiyo alikuwa anaipenda kuliko chakula. Akajiambia neno moja tu halimdhuru ndege. Lakini kila alipovua joho na kumsalimia mtu mzima yeyote huko uani, Tisa, ndivyo walivyomwita kwa namba ya pete yake, alikuwa anaacha panzi na kukimbilia uzioni. Wenzake hawageuki. Tisa tu, shingo chini, shingo juu. Adelfina akajifunza kusalimia watu mbali, nyuma ya tangi la maji.

Ulipofika wakati wa majaribio, Daktari alimtuma Bulugu apite karibu na banda kwa nguo za kawaida, apige mluzi, aimbe Kisukuma, aongee na simu. Korongo wote tisa waliolelewa kituoni wakatawanyika kwa hofu, Tisa wa kwanza. "Safi kabisa!" Luqmani akashangilia. Bulugu hakuwa amemwamkia mtu. Adelfina alilijua hilo, akatazama chini, akanyamaza, safari hii bila joho.

Siku ya kuwaachia ilipofika, kijiji kizima cha Nyamigogo kilikuwa kando ya kinamasi. We! Watu walikuja na baiskeli, na watoto mgongoni, na mwavuli wa jua. Mzee Ndayisaba naye alialikwa, amevaa koti lake la kanisani. Korongo walikuwa wamekaa wiki tatu kwenye banda la muda pale pale majanini, wakiwatazama wale kumi na wanne wa porini ng'ambo ya maji. Adelfina alikuwa amesimama na mikono kifuani. Hakuwa amelala wala kula kwa furaha na woga.

Daktari akavuta kamba, mlango ukafunguka.

Wa kwanza akatoka, akasimama, akapiga mbio hatua sita na kuruka! Umati ukashusha pumzi kwa sauti moja. Wa pili, wa tatu, mabawa meupe na kahawia yakifunguka juu ya mafunjo, wote wakienda ng'ambo kwa wenzao. Wa sita, wa saba, wa nane. Adelfina alikuwa analia na kucheka, hajui kipi ni kipi. Tisa akatoka wa mwisho. Akapiga mbio. Miguu ikaanza kuacha ardhi.

Na wakati huo huo ndipo wanafunzi wa shule ya msingi, waliochelewa, walipofika wakikimbia na mwalimu wao. Wakaona wageni, wakafanya walichofundishwa. Watoto mia moja kwa pamoja:

"Shikamooni, wageni wetu!"

Tisa akatua. Akageuka. Akaanza kutembea kuelekea umati, taratibu, shingo chini, shingo juu.

"Jamani, anatuitikia!" mama mmoja akapiga kelele, na watu wakapiga makofi kwa furaha. Luqmani hakupiga. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Subhanallah," alisema. "Huyu kafundishwa na nani?"

Adelfina angeweza kunyamaza tena. Watu walikuwa wengi, na ndege hawezi kusema. Lakini alimwona Bulugu akienda kuchukua wavu garini, na akawaza lile banda la Lukole, na wale wazazi wenye mabawa yaliyokatwa wanaotembea huku na huku mpaka wanachimba njia ardhini.

"Ni mimi, Daktari," alisema. "Siku aliyototolewa. Nilimsalimia Baba."

Mzee Ndayisaba akavua kofia. "Mimi ndiye niliyekohoa," alisema. "Nilimsubiri anisalimie. Nikaona mkwe wangu ana dharau."

Luqmani alimgeukia Adelfina. "Miezi minane, Adelfina. Miezi minane umejua! Unajua sharti letu. Ndege anayekuja kwa watu anarudi bandani, na harudi tena huku."

"Najua. Ila nipe nafasi kabla ya wavu. Alikuja kwa sauti yangu, basi sauti hii hii imfukuze."

"Na asipoondoka?"

"Utamchukua. Na kazi yako nitakuachia hapa hapa."

Daktari akatazama saa, akatazama ng'ambo, akawaashiria watu warudi nyuma. Adelfina akamwomba dada mmoja debe lake tupu, lile wanalopiga kufukuza kwelea kwenye mpunga, akavua viatu, akaingia topeni. Akaliweka debe nyuma ya mgongo. Akapiga goti.

"Shikamoo," alisema.

Tisa akaja. Alikuja kwa furaha kabisa, anarukaruka. Alipobakiza hatua tatu, Adelfina akanyanyuka na debe, gwaaa! "Toka! Toka hapa!" Tisa akaruka pembeni, akatua, akamshangaa. Halafu akainamisha shingo, kama anayedhani ni mchezo.

Mara ya pili alikuja polepole zaidi, lakini alikuja. Debe likalia, Adelfina akafungua kitenge na kukipepea, akamkimbiza mpaka ukingoni mwa maji. Tisa akasimama kule, akarudi nusu ya njia. Bulugu alikuwa ameshakunjua wavu.

Mara ya tatu Adelfina alipiga goti. Mkono mmoja ulikuwa umeshika bonge la tope. "Shikamoo," alisema. Tisa akaja mpaka karibu, karibu ya kuguswa, akanyoosha mdomo wake kuelekea pale usoni alipozoea kuuona wavu wa joho, ambao leo haukuwepo. Adelfina akalitupa lile tope kwa nguvu zake zote. Likampata kifuani. Ndege akalia, sauti kali ambayo hakuwahi kuitoa bandani, na Adelfina akamwagika maneno yote aliyoyameza miezi minane. "Nenda! Sikutaki! Mimi si mama yako, husikii? Mimi ni mtu! Watu wabaya, watakula, watakukata mabawa! Nenda huko kwa wenzako, mjinga wewe, nenda mwanangu, nenda!"

Tisa akaruka. Akapita juu ya mafunjo, chini chini kwanza, halafu juu, na tope likimdondoka kifuani. Akatua ng'ambo, mbali kidogo na kundi. Umati ulilipuka kwa vigelegele. Adelfina alikaa topeni, akafunika uso kwa kitenge, na hakuna aliyemsogelea isipokuwa Mzee Ndayisaba, aliyeingia topeni na viatu vyake, akasimama kando yake.

Daktari hakumfukuza kazi, ila hakumsifu pia. "Wiki tatu," alimwambia. "Tutarudi kumpima. Ukimsalimia mtu akaja hata hatua tano, namchukua. Mpaka siku hiyo usiseme naye, wala usije huku."

Wiki tatu hizo alizihesabu kwa vidole. Kanazi watu walidhani anaumwa, kwa kuwa alikuwa anakwenda kisimani na kurudi na ndoo yake mara moja.

Siku ikafika. Walikuwa wanne tu kwenye ukingo: Daktari na darubini yake, Bulugu na wavu wake, Adelfina, na Mzee Ndayisaba na koti la kanisani, maana alisema salamu ya kweli inataka mzee wa kweli. Kundi lilikuwa linakula hatua hamsini hivi, ndege ishirini na watatu.

"Pete nyekundu, namba tisa," Luqmani akanong'ona. "Yumo katikati yao. Haya."

Adelfina akaenda mbele ya baba mkwe wake, akapiga goti majanini. Alivuta pumzi, akaitoa salamu kwa sauti yake yote ya Kanazi:

"Shikamoo, Baba!"

Shingo moja ikainuka. Moja tu. Tisa akatazama upande wao, akapiga hatua. Akapiga ya pili. Bulugu akashika wavu vizuri. Hatua ya tatu, na mguu wa nne ukabaki hewani. Adelfina alikuwa anaomba rozari nzima ndani ya kifua. Kisha shada la dhahabu likasimama, na Tisa akapiga ule ukelele, ule ule wa siku ya tope, akafungua mabawa na kuondoka. Kundi zima likamfuata! Ishirini na watatu juu ya maji, wakielea kuelekea vilimani, na mbele yao wote pete nyekundu.

"Amenikimbia!" Adelfina akaruka juu kama mtoto. "Daktari, umeona? Amenikimbia! Baba, amenikimbia! Akinikimbia mimi atamkimbia kila mtu!" Alikuwa anamshika Bulugu mabega, anamtikisa, anacheka, machozi yanamfika kidevuni. Luqmani alishusha darubini na kujifuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia jua.

"Mkwe," Mzee Ndayisaba akaita.

Adelfina akasimama, akakumbuka kuwa mzee bado hajaitikia. Akarudi mbio, akapiga goti tena pale pale, huku akitazama vile vitone vyeusi vikipotea angani.

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema, akamwekea mkono kichwani. "Sasa ongea."

Akaongea kutoka Nyamigogo mpaka Kanazi.